Kabla mashine ya dizeli haijaingia nyumbani

Picha iliingia kwenye simu ya baba saa mbili usiku, watoto wakiwa bado wanakula. Mashine ya kuchomelea ya dizeli, aina ya Denyo, rangi imepauka kidogo, imepakiwa juu ya kirikuu. Chini ya picha dalali alikuwa ameandika: "Mtumba wa Japani, haina kipengele. Milioni sita na nusu. Kuna mtu anakuja na hela kesho asubuhi."

Baba huyu ni fundi wa mageti na madirisha pale Igoma, jijini Mwanza, jirani na Barabara ya Musoma. Kwa miaka tisa amechomelea kwa umeme wa karakana ya kupanga. Umeme ukikatika, anakaa juu ya ndoo na kusubiri. Mteja wa Kishiri kwa ndani au wa Kisesa akitaka geti lichomelewe palepale kiwanjani, ambako nguzo haijafika, inabidi akodi mashine ya mtu au kazi aiache. Kwa hiyo usiku ule hakuona mashine tu kwenye picha. Aliona mwisho wa kuomba.

Mama aliitazama picha, akamrudishia simu, akaenda kuchukua daftari. Yeye anauza dagaa sokoni na ndiye anayetunza hesabu za nyumba. Walikuwa na shilingi 4,200,000, na kila shilingi ilishapewa kazi: bati za nyumba wanayojenga Kishiri, na mahitaji ya Januari ya binti anayeingia kidato cha kwanza.

"Baba watoto," alisema, "sikatai. Lakini hiyo mashine itafanya kazi siku ngapi kwa mwezi?"

Baba hakuwa na jibu. Alijua bei, alijua ampea, alijua jina la injini. Siku za kazi hakuwahi kuzihesabu. Si yeye peke yake. Nyumba nyingi hununua chombo kwa kuangalia bei yake, na wiki ya tatu ndipo zinapogundua kwamba chombo kina tumbo.

Walikaa mpaka saa nne wakikumbuka miezi mitatu iliyopita. Kazi alizoziacha kwa kukosa umeme kiwanjani zilikuwa siku saba. Siku alizokodi mashine, nne. Siku alizokaa juu ya ndoo, sita. Jumla siku 17 kwa miezi mitatu, yaani siku sita hivi kwa mwezi.

Kisha wakaipigia hesabu siku moja. Kazi ya kiwanjani humpa ufundi wa shilingi 150,000, chuma na vijiti vikiwa juu ya mteja. Kirikuu cha kubeba mashine kwenda na kurudi ni 30,000. Kijana msaidizi ni 20,000. Injini ikiwaka saa tano, kwa lita mbili na nusu kila saa, inakunywa lita 12.5; dizeli ikiwa shilingi 2,800 kwa lita, hiyo ni 35,000. Zinabaki 65,000. Mama akatoa nyingine 15,000 za oili, filta na uchakavu, akaandika 50,000 na kuichorea duara.

Siku sita kwa mwezi ni shilingi 300,000. Mashine ya milioni sita na nusu ingejilipa baada ya karibu miezi 22, kama haikuharibika hata mara moja.

Baba alinyamaza. Kisha akasema kwamba dalali anamfahamu mtu anayekopesha. Zilikuwa zinapungua milioni mbili na laki tatu tu.

"Tu" hiyo ndiyo ya kuogopwa. Mkopo wenyewe ulikuwa wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Riba peke yake ni shilingi 230,000 kila mwezi, kabla deni lenyewe halijaguswa. Kwenye ile laki tatu ya mashine ingebaki 70,000. Familia ingekuwa imenunua mashine ili mkopeshaji aitumie.

Mkopeshaji wa pili alitaka karatasi za kiwanja. Hapo mama alikataa waziwazi, na alikuwa na haki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Ila sheria haiwezi kumzuia mtu kusaini kwa sababu amechoka kubishana, na ndivyo saini nyingi zinavyopatikana.

Wakakubaliana jambo ambalo baba hakulipenda: akodi kwanza. Mwezi mmoja, kila kazi ya kiwanjani asiikatae, akodi mashine ya dizeli kwa fundi mwenzake, na kila siku iandikwe. Dalali alikasirika, akasema bahati haisubiri. Mashine yake ilikuwa bado iko sokoni mwezi ulipokwisha.

Mwezi ule zilipatikana siku tisa. Habari zilisambaa kwamba yuko tayari kwenda mahali pasipo na umeme. Ukaja mlango wa ghala Kisesa, likaja tela la kuunganishwa upya, ikaja kazi ya fremu za vizimba vya samaki ufukweni. Siku tisa ni hesabu nyingine. Sasa walikuwa na sababu ya kwenda kuitazama mashine.

Walikwenda asubuhi na mapema na fundi wa injini za dizeli kutoka gereji ya jirani, aliyelipwa kwa kazi hiyo. Elfu ishirini aliyopewa mzee yule ilikuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika safari nzima. Alipofika, kabla ya salamu kuisha, aliweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa ya moto.

"Kwa nini mmeiwasha?" aliuliza.

"Tulikuwa tunaijaribu tu, mzee."

"Basi tutarudi kesho. Msiiguse."

Injini ya dizeli iliyochoka huficha ugonjwa wake ikishapata moto. Ugonjwa huonekana asubuhi, injini ikiwa baridi. Kesho yake ilipigwa stata mara sita ndipo ikashika, ikatoa moshi mweupe, na moshi ule haukuisha hata baada ya dakika kumi. Moshi mweupe kidogo wakati wa kuwaka si hoja. Usipoisha, huenda dizeli haiungui vizuri ndani, au maji yanaingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi unatokana na dizeli kuzidi hewa: filta imeziba, nozeli zimechoka, au injini imebebeshwa mzigo kuliko uwezo wake.

Mzee alikuwa ameufungua mfuniko wa rejeta kabla ya kuwasha, injini ikiwa bado baridi. Ukishapata moto haufunguliwi, maji huruka na kuunguza uso. Injini ilipowaka, mapovu yakaanza kupanda ndani ya maji bila kukoma. Akachomoa kijiti cha kupimia oili: imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi imekwenda, na pengine hedi yenyewe imepinda.

Ingetosha, lakini baba alikuwa amekuja na vijiti vyake na alitaka kuchoma. Hapo wanunuzi wengi hukosea. Huchoma kijiti kimoja, wakaona cheche nzuri, wakatoa pesa. Yeye aliweka kijiti cha milimita 3.2, kile ambacho mafundi hukiita geji 10, akachoma mfululizo. Cha kwanza kizuri. Cha pili kizuri. Kufika cha tano moto ulikuwa unalegea na kijiti kinanasa kwenye chuma. Upande wa kuzalisha umeme nao unaweza kuchoka, kwa brashi za kaboni zilizokwisha au koili zilizopata unyevu, na hilo halionekani mpaka ushike moto. Kuichomelea mashine nusu saa kabla ya kulipa si ushari. Muuzaji anayekataa amejibu swali.

Jaribio la mwisho lilikuwa la grenda. Aliichomeka kwenye soketi ya mashine, ikazunguka kivivu kama feni ya umeme mdogo. Mzee akasoma kibao: volti 100. Mashine nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zina soketi za volti 100, wakati grenda na drili za madukani kwetu zinahitaji 220 hadi 240. Inaweza kuchomelea vizuri kabisa lakini isikuendeshee grenda, na fundi wa mageti bila grenda atakata vipi chuma?

Waliondoka mikono mitupu. Njiani baba hakuzungumza.

Mashine ya pili ilichukua wiki tano kupatikana. Ilikuwa ya mkandarasi mdogo aliyemaliza kazi zake na kuhamia mambo mengine. Kwa sura ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza: boneti imebonyea, tairi moja halipo. Lakini iliwaka ikiwa baridi kwa mpigo wa pili, moshi ukakatika baada ya muda mfupi, oili ilikuwa nyeusi ya kawaida, na ilichoma nusu saa bila kulegea. Soketi ilikuwa ya volti 220. Mita ya saa za kazi ilionyesha saa 3,900. Mita hizo huweza kuchezewa au kufa, na ikisoma saa chache huku kanyagio, swichi na vishikio vimelika, macho yaaminiwe kuliko mita. Hapa vitu vyote viwili vilisema jambo moja.

Bei ilikuwa milioni tano. Mama alitenga 700,000 za shule, hazikuguswa. Zikatoka 3,500,000 kwenye akiba, na 1,500,000 akazikopa kwenye kikoba chake, ambako riba inarudi kwa wanachama wenyewe. Mauziano yaliandikwa mbele ya mtendaji wa mtaa, pamoja na namba ya mashine na namba ya injini, nakala ya kitambulisho cha muuzaji na risiti yake ya zamani. Mashine za kuchomelea huibwa, na aliyenunua cha wizi bila karatasi hana pa kuanzia akiitwa polisi.

Mashine ikafika Igoma saa kumi na moja jioni, ikashushwa kwa nguvu za majirani, na usiku wa kwanza ikalala kwenye korido ya nyumba ya kupanga, hatua mbili kutoka chumba cha watoto. Baba aliogopa wezi.

Hapa mzazi anatakiwa kuwa mkali. Mashine iliyozimwa ikilala korido ni kero tu ya harufu. Ikiwashwa mle ndani, hata kwa dakika tano za "kuisikiliza", inatoa kaboni monoksaidi, sumu ileile ya jiko la mkaa chumbani, isiyo na harufu wala rangi. Mlango wazi hautoshi. Moshi wa dizeli wenyewe uliwekwa mwaka 2012 na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na moshi wa kuchomelea ukafuata baadaye. Mashine ilijengewa kibanda cha wavu na kufuli nyuma ya karakana, mlinzi wa maduka akaongezewa kidogo. Ikiwaka, iwe nje, na bomba la moshi lielekezwe mbali na madirisha ya watu.

Mafuta nayo. Dizeli ya akiba ilikuja kwenye chupa za maji ya kunywa, kama kawaida ya mtaani. Siku hiyohiyo mama alizihamishia kwenye dumu la njano lenye kifuniko cha kukaza, akaliweka juu, chini ya kufuli. Mtoto wa miaka mitatu haoni dizeli, anaona chupa ya maji. Ikitokea amekunywa, asitapishwe, maana mafuta yakiingia kwenye mapafu ndipo hatari inapokuwa kubwa. Akimbizwe hospitali.

Watoto wa mtaa walipenda ule mwanga. Wanaupenda kila mahali. Mtoto akiutazama moto wa kuchomelea hasikii kitu, anakwenda zake kucheza, na usiku wa manane anaamka analia kana kwamba macho yamejaa mchanga. Ni jicho lililoungua kwa mionzi, na dalili zake hukawia saa kadhaa, ndiyo maana wazazi wengi hawaunganishi mambo hayo mawili. Turubai la kukinga, hata la magunia yaliyoloweshwa maji, linazuia macho ya wapita njia. Na fundi anayechomelea kwa miwani ya jua anajidanganya. Kioo cha barakoa ya kuchomelea huanzia namba 10 hivi, na miwani ya jua haifiki hata karibu.

Kijana mkubwa, wa kidato cha pili, alikuwa na ombi lake. Alitaka likizo afundishwe kuchoma. Baba alikuwa tayari, maana mwenyewe alianza akiwa na miaka kumi na mitatu. Mama alikataa, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko upande wake: inakataza kazi hatarishi kwa mtoto, na mahali penye mashine pametajwa humo. Akimaliza shule na bado anataka, VETA Mwanza ipo, tena baba mwenyewe angeweza kwenda huko kurasimisha ujuzi wake na kupata cheti alichokosa miaka yote. Hilo la cheti lilimkaa baba kichwani kuliko alivyoonyesha.

Kijana akapewa daftari. Kila jioni baba akirudi, anasoma mita na kuandika: saa ngapi injini imewaka, lita ngapi zimeingia, oili imebadilishwa lini. Mzee wa gereji alishauri oili ibadilishwe kila saa 100 mpaka waizoee injini, na filta ya hewa ipigwe vumbi kila wiki, kwa sababu vumbi la barabara za Kishiri linaua injini kuliko umri. Dizeli inunuliwe kituoni. Ile ya madumu ya kando ya barabara huja na maji, na nozeli moja inaweza kula faida ya wiki.

Daftari hilo ndilo lililogundua jambo ambalo baba hakuliona. Wiki ya pili saa za injini zilikuwa nyingi na kazi ni kidogo. Kumbe mashine iliachwa ikiunguruma wakati wa kupima, kukata, kunywa chai na kupokea simu. Pia ilikuwa imekwenda kwenye msiba, jirani alipoomba iwashe taa na spika usiku kucha. Nani atakataa kwenye msiba? Lakini injini kubwa ya dizeli ikibeba taa chache usiku mzima haipati joto la kutosha, masizi na dizeli isiyoungua vinajaa kwenye bomba na nozeli. Mama alipendekeza kwamba msibani familia itoe mchango wa fedha kama watu wengine, na mashine ibaki kwenye kibanda chake. Kulikuwa na maneno mtaani kwa siku kadhaa.

Mwezi wa tatu alikuja mteja na pipa lililowahi kubeba mafuta, alitaka likatwe liwe tanki la maji. Baba alilikataa. Pipa tupu la mafuta lina mvuke ndani, na cheche moja inalirusha na anayelikata. Mteja akalalamika kwamba fundi amekuwa na maringo tangu apate mashine. Lakini Igoma wanalijua swali hilo la kuuliza kilichomo ndani ya chuma kabla ya kukitoboa. Kwenye makaburi ya Igoma wamelala wengi wa waliokufa kwenye MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Meli ilipokuwa bado inaelea kichwa chini, ilitobolewa ili kuwaokoa waliokuwa ndani. Hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, ikazama.

Mwezi wa nne nozeli mbili zilikufa siku moja, katikati ya kazi ya Kisesa. Baba alirudi nyumbani usiku, amechoka, akamwambia mama kiasi kilichotakiwa kana kwamba anakiri kosa. Mama aliingia chumbani akatoka na kopo la maziwa ya unga, lile lililokuwa linalala 15,000 kila siku mashine inapofanya kazi. Walihesabu juu ya mkeka. Ilitosha, zikabaki elfu tisa na sarafu.

Binti alianza kidato cha kwanza akiwa na sare na godoro lake. Deni la kikoba limebaki miezi minne. Nyumba ya Kishiri bado haina bati, na mvua za msimu huu zimeshaota majani ndani ya kile kitakachokuwa sebule. Wikiendi baba hupita pale na panga kuyafyeka, kisha huunganisha mashine kwenye kirikuu na kwenda kazini.